Kinachotuliza Goti si Bangi

Siku hizi ndugu zetu walioko Marekani wakifunga mizigo ya kuja nyumbani, hawakosi kutia kikopo cha mafuta ya kuchua yenye bangi. "Hayaleweshi," wanasema, "ni mmea tu, na goti la mama litapoa." Mama anachua, anasikia ubaridi ukipenya, anaomba kingine. Basi imani inakita: bangi imetibu goti.

Haikutibu. Kigeuze kikopo usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta mentholi, karafuu maiti, pengine na pilipili. Ubaridi anaousikia mama ni wa mentholi, ileile iliyomo katika dawa ya kuchua ya bei rahisi inayouzwa duka la mtaani kwake. Kilichozidi ni jani lililochorwa kwenye kifuniko, na jani hilo linalipiwa makumi ya dola.

Kiini kinachosifiwa, CBD, hupenda mafuta. Kikipakwa hunasa zaidi katika tabaka la juu la ngozi. Kufika ndani ya goti ni safari nyingine. Watetezi wake hutaja jaribio la mwaka 2022 la yabisi ya kidole gumba, lililoonyesha nafuu. Nalikubali, ila lilikuwa na wagonjwa 18 tu, na kiungo cha kidole gumba kiko karibu mno na ngozi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kwenyewe, haijaidhinisha krimu yoyote ya CBD kwa maumivu. Dawa ya CBD iliyoidhinisha mwaka 2018 ni ya kunywa, kwa aina adimu za kifafa.

Tena hata kilichomo hakiaminiki. Mwaka huohuo wa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 105 za kupaka. Kati ya zilizotaja kiasi cha CBD, takriban robo tu zilisema kweli. Na katika zote 105, asilimia 35 zilikutwa na THC, kile kiini kinacholewesha. Kiasi chake kilikuwa kidogo, lakini mzigo wenyewe huweza kupita Dubai, ambako bidhaa za CBD ni marufuku, kisha unatua Dar es Salaam au Nairobi, ambako bangi bado ni kosa la jinai. Tena wengine humbebesha mama mzazi hatari hiyo anaporudi kutoka kuwatembelea, naye hajui hata kusoma kilichoandikwa. Hili ndilo linaloniuma.

Goti la yabisi lina dawa ya kupaka iliyojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa: jeli ya diklofenaki. Iko kwenye maduka ya dawa ya kwetu. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo au wa moyo amuulize kwanza mfamasia au daktari.

Wewe uliyeko huko Marekani, kiache hicho kikopo dukani. Fedha hizo mtumie mama akapimwe goti.