Uraia Pacha: Mkataa Kwao au Mkataliwa Kwao?

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Watanzania waligawanyika. Kuna walioshangilia mwana wa Unguja, na kuna waliouliza: huyu si Mwingereza? Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Aliondoka kijana baada ya Mapinduzi na hakuweza kurudi hadi 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Ameishi Uingereza zaidi ya nusu karne, lakini riwaya zake zimeendelea kurudi pwani ile ile.

Kwa swali hilo, Sheria ya Uraia ya 1995 haina kigugumizi: mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unakoma. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Lakini hapa anayekataa ni nani? Wengi huchukua pasipoti ya ugenini ili wapate kazi ya kudumu na walale bila hofu ya kurudishwa. Hakuna aliyeapa kuwasahau wazazi wake.

Tena ughaibuni humfunza mtu kwao. Aliyeondoka akiwa Mhaya au Mpemba, huko huitikia jina moja: Mtanzania. Hukutana na mwenzake asiyemjua, wakasalimiana kwa Kiswahili, na tayari ni ndugu. Kisha siku anapotua Dar es Salaam na pasipoti mpya, hupanga foleni ya wageni akiwa na viza mkononi.

Wanaopinga uraia pacha wana hoja, na ya ardhi ndiyo nzito zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa ilimzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na mkulima wa kijijini ana haki ya kumhofia mwenye fedha za kigeni. Ila mwenye fedha za kununua mashamba yupo hata miongoni mwa raia wanaoishi hapa hapa. Anayemlinda mkulima ni sheria inayoweka ukomo wa umiliki kwa kila mtu. Hoja nyingine ni ya utii kwa nchi mbili. Lakini Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010, ila ikawazuia wenye uraia wa nchi mbili kushika nyadhifa za juu za dola. Hofu imewekewa uzio, na mlango ukaachwa wazi.

Serikali yetu imependelea njia ya hadhi maalumu kwa Watanzania wa ughaibuni, badala ya uraia pacha. Itawapunguzia wengi adha, nami siibezi. Hata hivyo, hadhi ni kitu cha kupewa, na aliyekupa anaweza kukunyang'anya. Mtanzania wa kuzaliwa asipoteze uraia wake mpaka aukane mwenyewe kwa kinywa chake. Kitovu chake kilizikwa hapa, na hakuna pasipoti inayoweza kukifukua.