Nani kasema hatuna machipuko?

Nimerudi. Nilikuwa Nyanda za Juu Kusini, siku tisa, begi moja na koti la kuazima. Nilipoaga kazini kwamba naenda Kitulo, mwenzangu mmoja akauliza, hiyo ni hoteli? Simlaumu. Sisi wa Dar tukisema tunakwenda kutembea tunamaanisha Zanzibar, au Bagamoyo kama mshahara umeshakata.

Swali lake la pili ndilo lililonikera: "Sasa mbona unakwenda kipindi cha mvua?"

Shuleni tuliambiwa machipuko ni mali ya Wazungu. Wao wana majira yao manne, sisi tuna masika, vuli, kiangazi na kipupwe, basi. Tukakubali. Halafu tukakubali na kalenda yao ya utalii: njoo Juni mpaka Oktoba, nyasi fupi, simba anaonekana vizuri, na kwao ni likizo ya shule. Ni kalenda nzuri kwa simba. Ila mtu wa Sinza anaifuata kama amri ya nini? Nenda Kitulo mwezi wa nane utakuta nyasi kavu na baridi ya kukata masikio. Mvua zikishaanza, kuelekea mwisho wa Novemba, uwanda mzima unaamka, na unaendelea kuchanua mpaka Aprili. Kama hayo si machipuko basi nielezeni ni kitu gani.

Sisi tulikwenda Februari, tukapandia Isyonje kutoka barabara ya Mbeya-Tukuyu. (Njia ya Chimala, ile ya kona 57, dereva wetu aliikataa kwa mvua ile, nami sikubishana.) Unapita mashamba ya viazi na pareto, unapanda, unapanda tena, halafu miti inaisha na unajikuta kwenye uwanda wa mita kama 2,600 juu ya bahari, kijani mpaka macho yachoke. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hakuna tembo wala twiga. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi.

Nikiri kitu. Nusu saa ya kwanza sikuona okidi hata moja. Nilitegemea maua makubwa kama ya kwenye kadi za harusi. Kumbe nyingi ni ndogo, zimejificha kwenye nyasi, na namna ya kuziona ni kupiga magoti kwenye tope. Nikapiga magoti. Suruali imekufa lakini nimeona: za njano, za waridi, nyingine nyeupe yenye nyuzinyuzi kama ndevu za mzee. Juu yetu mbayuwayu wa bluu wakipita chini chini. Ni ndege adimu, na huja kuzalia huku wakati huu huu wa mvua ambao sisi tunakaa nyumbani.

Hapo ndipo mwongozaji wetu alipotuonyesha shimo. Dogo tu, la jembe. Akasema, "Hapa palikuwa na chikanda."

Kwa wasiojua: chikanda ni viazi vya okidi. Upande wa Zambia huvitwanga na karanga na pilipili, wakapika kitu kama mkate kinachokatwa vipande. Ni chakula cha siku nyingi, na walipokula porini tu hakikumtisha mtu. Kimeanza kutisha kilipohamia mijini na kuwa biashara. Okidi za kwao zilipopungua, wanunuzi wakavuka mpaka, na magunia yakaanza kupita Tunduma kwenda huko. Ukichimba kiazi umeua mmea wenyewe, huo hauchipui tena. Na anayechimba si jambazi. Ni kijana au mama wa kijijini anayehitaji daftari za watoto. Hifadhi ina mipaka, lakini okidi haijui mpaka, inaota na nje yake vilevile.

Niliondoka Kitulo nikiwa mkali, nimeshaandika kichwani makala nzima ya kuwalaani walaji wa chikanda. Subirini.

Ngosi na Daraja la Mungu nitazipitia haraka kwa sababu picha zinasema kuliko mimi. Ziwa Ngosi limekaa ndani ya kreta. Unapanda kwenye msitu unaoteleza, unafika ukingoni umeishiwa pumzi, unaona ukungu, na ukungu ukitaka unafunguka. Kwetu ulifunguka dakika kumi. Daraja la Mungu ni mwamba wa volkano uliotanda juu ya mto Kiwira. Lava ilipoa, maji yakaendelea kupita chini yake. Nilisimama pale nikajisikia mdogo, na haikuniudhi.

Kisha tukateremka mpaka Matema, Ziwa Nyasa. Joto! Koti likaingia begini. Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini, na Jumamosi kuna soko la Lyulilo ambako vyungu vya akina mama wa Kikisi hupangwa mchangani. Mzee mmoja mvuvi akakubali kutuchukua mimi na rafiki yangu kwenye mtumbwi wake kwa mshipi na ndoano. "Tulia mwanangu, huu si daladala," aliniambia kila nilipojigeuza. Saa tatu nzima nimepata visamaki viwili vya kiganja, vyenye rangi kama vya dukani kwenye tenki la kioo. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, mimi nikapata viwili. Ndaga fijo, mzee.

Jioni tukanunua mbasa. Mrefu, anang'aa kama fedha, wa kuchoma, na ndani amejaa mayai. Nikala mayai yote. Nikalamba na vidole. Mzee akanitazama akasema kwa upole kwamba mvua zikinyesha mbasa hutoka ziwani na kupanda mitoni kutaga, na nyavu humsubiri palepale mdomoni mwa mto. Zamani, akasema, walikuwa hawabebeki.

Mnaona nilipofika. Yule mkali wa chikanda amekula kizazi kizima cha mbasa kwa ndimu na chumvi.

Kwa hiyo makala ya kulaani imefutika. Msimamo wangu ni huu, na mniambie kama nakosea. Mvua ile ile inayofungua maua ndiyo inayofungua kazi ya jembe na ya nyavu, na ndiyo miezi ambayo mtalii wa kigeni hayupo na hela yake haipo. Mwongozaji wetu alikaa wiki mbili kabla yetu bila mgeni. Wiki mbili! Mtu mwenye kazi ya kukuonyesha okidi ana sababu ya kutoichimba, lakini awe nayo Februari, siyo Agosti peke yake. Hao wageni wa Februari hawatatoka London, kwa sababu kila mtu amewaambia wasije. Tunaweza kuwa sisi, kwa basi la kawaida au treni ya TAZARA, kwa hela ambayo wengi wetu tunaimaliza wikiendi mbili za nyama choma. Sisemi tutaokoa okidi zote. Watu ishirini kwa mwezi hawaokoi kitu kikubwa. Ila yule mwongozaji ni mmoja, na wageni ishirini kwake ni wengi.

Mbasa nimeahidi kutomla tena wakati wa mvua. Rafiki yangu anacheka, anasema nimeahidi nikiwa nimeshiba.

Desemba narudi. Mpaka sasa tuko wanne, gari lina nafasi saba. Koti kila mtu aje na lake, langu lenyewe ni la watu.