Mchele wa Sagana na Mahakama ya Arusha

Hapa Sagana mchele wa Mwea huuzwa kando ya barabara kuu, na aghalabu wauzaji hulalamikia ule wa Pakistan unaoingia nchini kwa bei nafuu. Lawama zote hutupiwa Nairobi. Hata hivyo, tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka wa 2005, ushuru wa pamoja wa bidhaa za kigeni huamuliwa katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiwango cha mchele kiliwekwa kuwa asilimia 75, nayo Kenya ikaruhusiwa kutoza asilimia 35. Mkulima wa Mwea hakupiga kura katika vikao hivyo. Je, ni nini kinachoyapa maamuzi hayo uhalali?

Wapo wanaodai kwamba sahihi za marais zatosha. Sikubaliani nao. Mamlaka ya Jumuiya huwa halali pale tu raia anapoweza kuyashtaki, na Kifungu cha 30 cha Mkataba wa mwaka 1999 kinampa mkaazi yeyote wa nchi mwanachama haki hiyo.

Haki hii si ya karatasini. Mwaka wa 2006 Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walipinga namna wabunge tisa wa Kenya walivyopatikana ili kwenda katika Bunge la Afrika Mashariki. Mkataba ulitaka wachaguliwe na Bunge la Taifa. Yaliyofanyika yalikuwa kuwasilishwa kwa orodha ya majina. Mnamo Novemba 27, Mahakama ilizuia wasiapishwe. Wakuu wa nchi walighadhibika, na kufikia Desemba 14 walikwisha kuurekebisha Mkataba: kitengo cha rufani kikaundwa, na njia za kuwaondoa majaji zikapanuliwa. (Laiti barabara zetu zingerekebishwa kwa kasi hiyo!) Majaji hawakutishika. Mnamo Machi 2007 waliamua kwamba uchaguzi haukuwa umefanyika.

Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki nacho kikayashtaki marekebisho yenyewe. Mwaka wa 2008 Mahakama ilisema kuwa kuyapitisha bila kuwashauri wananchi kuliuvunja Mkataba, ila haikuyabatilisha. Onyo lilikuwa la siku za usoni. Naelewa tahadhari hiyo, kwani Mahakama yenyewe ndiyo iliyokuwa imelengwa. Hata hivyo naona majaji walilegea pale palipohitaji ukakamavu.

Miongoni mwa marekebisho yaliyosalia ni lile linalomfunga mlalamishi: sharti afike mahakamani katika muda wa miezi miwili tangu jambo litendeke au alifahamu. Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Mkataba uliifanya lugha ya Mahakama kuwa Kiingereza, na Kiswahili ukakiachia nafasi ya lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka wa 2021 wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Tulishangilia, nasi tulistahili. Lakini muuza mchele wa Sagana atalifahamuje jambo lililotangazwa kwa Kiingereza cha mawakili, seuze kulishtaki kabla ya miezi miwili kwisha?

Napendekeza kwamba chama chetu kianze muhula huu kufasiri hukumu hizo mbili, ya 2007 na ya 2008, kwa Kiswahili ambacho muuzaji huyo atakisoma bila kumwita wakili. Wahadhiri wetu wa tafsiri na wenzao wa sheria wamo katika majengo yanayotazamana.