Siku saba za kuandika



Siku ya posho iliyopita mama mwenzetu alifika kwenye mkutano na simu mkononi, macho mekundu. Kijana wake anaishi Kanada, katika jimbo la British Columbia, na kazi yake ni kupeleka vyakula kwa gari. Usiku, akitoka kwenye ndoa ya Wakongomani wenzake, polisi walimsimamisha, akapuliza katika chombo cha kupima pombe, akaonekana amepita kiasi. Permi ikachukuliwa palepale: asiendeshe siku 90. Gari limefungwa siku 30, na gharama ya kulivuta na kulilinda ni juu yake. Kuna amande ya dola 500 za Kanada, na dola 250 zingine za kurudishiwa permi. Tena ni huyo kijana anayelipa minervali ya wadogo zake.

Sisi walimu watatu tulikaa mara moja, tukaandika barua ya Kifaransa, nzuri kabisa: kwamba baba yake alikufa, kwamba analisha watu saba, kwamba bila gari atafukuzwa kazi. Mama alilia tulipomsomea. Kumbe barua ile haina kazi! Dada mmoja aliye huko alitueleza, kisha tukasoma wenyewe. Katika jimbo lile mtu anaweza kuomba adhabu hiyo ichunguzwe upya, lakini mchunguzi haruhusiwi kuangalia kazi ya mtu wala shida za jamaa yake. Sisi hapa tumezoea kutafuta mukubwa wa kumwangukia miguuni. Kule wanauliza maneno machache. Ni wewe uliyekuwa ukiendesha? Polisi alikuambia una haki ya kupuliza mara ya pili, katika chombo kingine? Kama ulipuliza mara mbili, ile namba ndogo ndiyo iliyofuatwa? Kipimo kinaaminika? Aliyekataa kupuliza anaulizwa kama alikuwa na sababu ya haki. Nafasi hiyo ya kujitetea nayo ilipiganiwa: sheria ilianza 2010, watu wakaipeleka mahakamani, na 2012 ikarekebishwa.

Tukampigia kijana simu. Alikunywa? «Chupa mbili tu.» Tulinyamaza, kila mama anazijua hizo chupa mbili. Hatutaki kumsafisha mtu aliyekunywa akashika usukani, maana watoto wa wenzetu wanavuka barabara hata kule. Lakini alisema pia kwamba polisi aliongea Kiingereza haraka haraka, yeye akawa anaitikia kwa kichwa, na habari ya kupuliza mara ya pili hakuisikia. Basi hilo aliandike kama lilivyokuwa, bila kuongeza. Karatasi ya polisi inaweza kusema vingine, na ni yeye anayepaswa kumridhisha mchunguzi.

Kilichotushtua zaidi ni tarehe. Ombi linapokelewa ndani ya siku saba tangu kupewa karatasi, na siku ya tano ilikuwa imekwisha akingojea barua yetu! Kuomba kwa maandishi ni dola 100, kwa kuongea ni 200. Alichagua maandishi, kwa sababu Kiingereza humkimbia akiogopa. Aliomba siku ya sita. Wakati wa kungoja, adhabu inaendelea. Sasa anapanda basi, na mkuu wake wa kazi amemweka kwenye depo kupakia mizigo kwa mshahara mdogo. Jibu bado.

Mwenye mtoto kule amwambie hivi: akipewa karatasi yoyote na polisi, aipige picha na aitume siku ileile, aangalie kwanza tarehe na siku alizopewa. Majimbo mengine ya Kanada yana sheria zao, kwa hiyo asifuate ya jirani. Kila siku ya posho, saa tisa mchana, tuko kwenye darasa la sita, tunasoma karatasi hizo pamoja na mama yeyote, bila malipo.

Na minervali ya wale wadogo: wamama wa likelemba wamekubali mama yao apokee zamu ya mwezi huu.