Theluji Isiyo na Rangi: Umaskini au Sanaa?

Kuna wanaoshikilia kwamba picha ya nyeusi na nyeupe ni masalio ya enzi iliyopita, na kwamba mpigapicha anayeziacha rangi kwa hiari yake anauvika umaskini joho la usanii. Dai hilo hukaririwa hasa inapotajwa mandhari ya theluji: mahali palipokwisha kuwa peupe pote, pana haja gani ya kupaondolea hata rangi chache zilizosalia? Hata hivyo, ni mandhari iyo hiyo inayobainisha udhaifu wa dai lenyewe.

Kwanza, theluji si weupe mtupu. Hung'aa inapopigwa na jua, huingia kivuli cha buluu inapoangaziwa na anga pekee, na huwa na mikunjo iliyochongwa na upepo. Rangi zikiondolewa, jicho hubaki na mwanga, kivuli na umbo. Pili, kamera haiijui theluji. Kipimamwanga chake huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Kwa hiyo hupunguza mwanga, na theluji hutoka kama majivu. Mpigapicha hana budi kukikaidi chombo na kuongeza mwanga mara mbili hadi mara nne. Akizidisha, theluji hugeuka karatasi isiyo na alama yoyote.

Mmarekani Ansel Adams (1902–1984) aliielewa vyema kazi hiyo. Mnamo Aprili 1927, theluji ikiwa bado haijayeyuka, alilipiga picha jabali la Half Dome huko Yosemite, California. Alianza kwa kichujio cha manjano, kisha akatambua kwamba anga lingetoka hafifu, lisilolingana na haiba ya jabali alivyoihisi. Bamba moja tu likiwa limesalia, alitumia kichujio chekundu. Anga likawa karibu jeusi, na theluji ikadhihirika chini ya mwamba. Baadaye yeye na Fred Archer waliunda mfumo wa kuugawa mwanga katika kanda 11, kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili, ili theluji itengewe nafasi yake kabla picha haijapigwa.

Mpinzani atauliza: anga jeusi mchana si uongo? Swali hilo lina uzito, kwani picha pia ni ushahidi. Lakini ushahidi hautegemei rangi. Mwaka 1906, Mwitalia Vittorio Sella alipiga picha vilele vya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako theluji huletwa na kimo wala si majira. Barafu ya milima hiyo imepungua mno tangu hapo, na picha zake zisizo na rangi huonyesha ilikofika zamani. Lau angeiacha theluji iwe doa jeupe, mipaka hiyo isingeonekana.

Mtunzi wa shairi la arudhi hujifunga kwa vina na mizani, wala hakuna amwitaye maskini wa maneno. Mpigapicha wa theluji naye astahili hukumu iyo hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi nazo zaweza kuvutia jicho na kuficha picha iliyopwaya. Anayeihakiki picha ya theluji asiulize rangi zimekwenda wapi, bali mwanga umepimwa vipi, na ni kitu gani kimehifadhiwa ndani ya weupe.