MITAMBO NA SISI: Jina Jipya la Bawabu



Mzazi mmoja wa hapa Kensington ametuletea swali. Mwanawe, mwanafunzi wa kompyuta, amenunua kwa bei ndogo kifaa kilichokwisha kutumika cha kulinda mtandao, kile ambacho wataalamu hukiita ukuta-moto, aina ya Cisco ASA 5505. Kila kinapowashwa hujitambulisha kwa jina la ofisi iliyokuwa ikikimiliki. Je, yatosha kubadilisha jina?

Jina lenyewe ni kazi ya dakika chache. Bawabu huyu hana kioo wala kibodi. Huunganishwa na kompyuta kwa waya wa konsoli, na mazungumzo yote huwa ya maandishi. Kijana ataandika enable na kutoa neno la siri, kisha configure terminal, kisha hostname bawabu1, au jina jingine alipendalo. Papo hapo jina jipya litatokea mwanzoni mwa mstari. Hata hivyo, limo katika kumbukumbu ya muda tu. Asipoandika write memory, siku umeme utakapokatika jina la kale litarejea.

Herufi, tarakimu na kistari hukubaliwa. Nafasi haikubaliwi, na jina lisizidi alama 63. Namnasihi asitie jina la ukoo wala nambari ya nyumba, kwani jina hili huingia katika orodha za matukio na katika cheti ambacho kifaa hujiandikia chenyewe, na watu wa nje waweza kulisoma. Mwenye vifaa viwili naye asivipe jina moja, asije akazima kizima akidhani ndicho kibovu.

Lakini swali la mzazi lilikuwa la kutosha au kutotosha, na jibu ni kwamba haitoshi. Chuo Kikuu cha New South Wales, tunachopita mbele yake kila siku katika Anzac Parade, kiliasisiwa mwaka 1949 kwa jina la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha New South Wales. Jina la sasa kilipewa mwaka 1958. Kubadilishwa jina hakubadilishi kufuli. Ndani ya kifaa hiki yamkini zimo bado akaunti za watumishi wa ofisi ile, maneno yao ya siri, na njia walizokuwa wakiingilia kutoka mbali. Basi kabla ya jina, aandike write erase, kisha reload. Akiulizwa kama ahifadhi mabadiliko, ajibu no. Kitaamka kikijiita ciscoasa, kama kilivyotoka kiwandani, na hapo ndipo akipe jina. Ikiwa neno la siri la enable halijulikani, maelekezo ya mtengenezaji yanaonyesha jinsi ya kulipita kwa konsoli wakati kifaa kinapowaka.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi hakuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote: mtengenezaji alikoma kukihudumia kifaa cha aina hii mwaka 2022. Kasoro zitakazogunduliwa hazitazibwa. Kijana akiweke mezani ajifunzie amri, wala asikiunge na intaneti ya nyumbani. Huko awekwe bawabu anayeendelea kupata masahihisho.