Galápagos: Mgeni Anapokubali Kupangiwa

Boti ya mpira ikigusa mwamba wa Punta Espinoza, kisiwani Fernandina, mwongoza watalii ndiye anayeamua nani ashuke kwanza na akanyage wapi. Juu ya lava nyeusi iliyoganda, iguana wa baharini wamelaliana kwa mamia wakiota jua, maana wametoka kula mwani kwenye maji ya baridi. Mara mmoja anapiga chafya na kurusha chumvi puani. Kando yao mnandi anaanika mabawa mafupi yasiyoweza kumrusha. Hakuna anayekimbia.

Upole huo una sababu ya kale: visiwa hivi vya volkano viko takriban kilomita 1,000 kutoka bara la Ekuador, na wanyama wakubwa wawindao nchi kavu hawakufika. Lakini leo unalindwa na sheria, tena kali. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1959. Katika sehemu zake nyingi mgeni hatembei bila mwongozaji mwenye leseni, kundi la meli halizidi watu 16, meli haipakii zaidi ya abiria 100, na kila mtu hukaa mita mbili kutoka kwa mnyama, hata simba wa bahari akijilaza katikati ya njia.

Kwa aliyezoea Kizimkazi kule Zanzibar, ambako boti kadhaa huweza kuwafukuzia pomboo haohao huku abiria wakishangilia, haya yataonekana ni usumbufu. Si usumbufu, ndiyo bidhaa yenyewe anayoilipia. Agosti 2024 Ekuador ilipandisha ada ya kuingia kwa wageni wengi wa nje kutoka dola 100 hadi 200. Kwa mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa wiki moja melini, hiyo ni hela ya soda.

Tatizo liko kwingine. Meli zimewekewa ukomo, ilhali utalii wa hotelini, hasa mjini Puerto Ayora, umeachwa ukue. Mwaka 2023 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 300,000, wengi wao wakilala nchi kavu. Wageni hao wanahitaji chakula, saruji na mafuta kutoka bara, na mizigo huja na wadudu. Tayari yupo nzi wa kigeni ambaye funza wake hunyonya damu ya makinda kwenye viota. Ukomo uliowekwa bandarini unapaswa kuwekwa pia kwenye viwanja vya ndege vya Baltra na San Cristóbal.